MOSHI UMEONDOKA, MWUZAJI NI YULE YULE

Kumezuka ubishi mkali baina ya madaktari juu ya tumbaku, nasi twaona si haki ubishi huo kuachiwa wataalamu peke yao. Shirika la Afya Duniani lahesabu kwamba tumbaku huua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka, na wavutaji wapatao wanane katika kila kumi wanaishi katika nchi maskini na zile za kipato cha kati. Wafao basi ni watu wa namna yetu: kuli wa bandarini, dereva wa lori, fundi mwashi anayenunua sigara moja moja kibandani kwa kuwa pakiti nzima hawezi kuimudu.

Upande mmoja wasema mvutaji aache, na asaidiwe kuacha, lakini asipewe uraibu ule ule katika chombo kipya. Upande wa pili wasema wapo wasioweza kuacha, na hao wapewe nikotini isiyo na moshi ili madhara yapungue.

Hoja hii ya pili si ya kipuuzi, na wanaoicheka hawajaisoma. Tangu mwaka 1976 daktari wa Uingereza, Michael Russell, alieleza kwamba mtu huvuta sigara kwa ajili ya nikotini, lakini kinachomwua ni lami. Nikotini ndiyo pingu imfungayo mvutaji. Saratani ya mapafu huletwa hasa na vitu vizaliwavyo pale jani liunguapo. Ushahidi upo. Huko Sweden wanaume wengi hubana mdomoni ugoro uitwao snus badala ya kuvuta, na vifo vyao vya saratani ya mapafu ni vichache kuliko vya wanaume wa nchi nyingi za Ulaya. Huko Uingereza, Serikali ilitangaza mwaka 2023 kwamba wavutaji milioni moja wangepewa sigara za kielektroniki ili waache zile za moto. Tena wachunguzi wa jopo la Cochrane, waliopima majaribio mengi, wameona kwamba sigara hizo huwaachisha watu wengi zaidi kuliko bandeji na ubani wa nikotini.

Sasa, kama hoja ina ukweli, mbona wengine wanaikataa? Ni kwa sababu ya mwuzaji. Ahadi ya sigara salama si ngeni, tulikwisha kuisikia. Katika miaka ya 1950, watu walipoanza kuiogopa saratani, makampuni yalileta kichungi. Sigara ya Kent ilisifiwa mno kwa kichungi chake cha ajabu, na kati ya mwaka 1952 na 1956 kichungi hicho kilitiwa asbesto, yaani sumu nyingine ya mapafu! Kisha zikaja sigara zilizoitwa nyepesi, zenye vitundu vidogo vya kuingiza hewa. Mashine ya kupimia ilionyesha lami kidogo. Mvutaji, ambaye si mashine, alivuta kwa nguvu zaidi na kuviziba vitundu kwa vidole vyake. Mwaka 2006 Jaji Gladys Kessler wa Marekani aliamua kwamba makampuni yalijua jambo hilo na yaliwadanganya watu. Aliyekwisha kuumwa na nyoka haulizwi kwa nini aogopa ung'ongo.

Na tutazame karibu. Mwaka 2019 kampuni ya British American Tobacco ilileta Kenya vifuko vya nikotini kwa jina la Lyft. Ni vijifuko vyeupe visivyo na jani la tumbaku. Mtu hubana kimoja chini ya mdomo, na nikotini ikaingia mwilini kwa njia ya ufizi. Viliandikishwa na bodi isimamiayo dawa na sumu. Oktoba mwaka 2020 Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alisema uandikishaji ule ulikuwa kinyume cha taratibu, maana vilipaswa kuwa chini ya Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007. Vikaondolewa, na baadaye vikarudi kwa jina la Velo.

Twauliza: vifuko hivi ni dawa au ni starehe? Kama ni dawa ya mvutaji sugu, ladha tamu tamu ni ya nini, na kijana ambaye hajapata kushika sigara anavinunua kuponya maradhi gani? Huko Marekani, mwaka 2019, zaidi ya robo ya wanafunzi wa shule za sekondari za juu walikuwa wakitumia sigara za kielektroniki. (Idadi hiyo imeshuka sana tangu hapo, na ni haki kulisema hilo.)

Lakini hatuwaungi mkono wale wanaotaka vifuko vipigwe marufuku huku sigara ya moto, iliyo mbaya kuliko vyote, ikiuzwa kila kibanda pamoja na kibiriti. Huko ni kufunga dirisha na kuacha mlango wazi. Mkataba wa Kimataifa wa Kudhibiti Tumbaku, uliopitishwa mwaka 2003, wautaja upunguzaji wa madhara katika ibara yake ya kwanza. Na ibara ya 5.3 yazitaka serikali kuilinda siasa ya afya isitekwe na maslahi ya wafanya biashara wa tumbaku. Ibara hizo mbili zasomwa pamoja.

Kwa hiyo kazi ya kupunguza madhara iwe mikononi mwa zahanati, si mikononi mwa kampuni. Ubani na bandeji za nikotini zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2009. Kuli aliyevuta miaka ishirini, akienda leo kwa mganga wa zahanati na kusema ataka kuacha, apewe dawa hizo kwa bei isiyozidi ile ya sigara zake za siku. Twangojea wizara zituambie ni zahanati ngapi zinazo.