Nyumba na Ufundi: Televisheni Inawaka, Picha Haiji



Juma hili tunataka kusema juu ya jambo linaloleta ugomvi katika nyumba nyingi za miji yetu. Umeme umekatika. Baba amewasha betri yake. Taa inawaka, televisheni inawaka, lakini mahali pa picha pana maneno tu: hakuna alama kutoka antena. Hapo kila mtu anakuwa fundi, na kila mtu anatafuta wa kumlaumu.

Sisi wenyewe tuliyaona hayo Dominika ya tarehe 28 Januari 2024. Usiku ule timu yetu ya Leopards ilicheza na Misri katika Kombe la Afrika, kule Côte d'Ivoire. Tulialikwa kwa jamaa mmoja hapa Lubumbashi. Lupango wao una nyumba tatu za ndugu watatu wa tumbo moja, na wote wanatumia sahani moja ya antena, iliyofungwa juu ya paa la mkubwa wao. Timu zilikuwa zimefungana bao moja kwa moja, na umeme ukakatika. Mzee akawasha betri. Televisheni ikarudi, dekoda ikarudi, lakini picha haikurudi.

Nyumbani mle alikuwamo mpwa wake, kijana wa shule ya sekondari. Jumamosi kijana huyo alikuwa amepanda kuondoa majani yaliyoziba mfereji wa paa. Mara mzee akamgeukia: «Ni wewe! Jana ulikuwa juu ya paa. Umegusa antena.»

Kijana akajibu kwa adabu: «Hapana, mjomba, sikuigusa. Na kama ningeiharibu jana, mbona hata sasa hivi picha zilikuwa zikija vizuri?»

Neno lile lilikuwa na akili nyingi, lakini hakuna aliyelisikiliza. Na sisi tuliokuwa tumeketi pale tulinyamaza, kwa sababu tulitaka kuona mchezo. Kijana akapewa tochi, akapanda. Mabati yalikuwa yamelowa mvua. Akaigeuza sahani huku na huku, na sisi chini tukipiga kelele: «Bado! Bado!» Mwishowe mguu ukateleza, akaanguka, akavunjika mkono karibu na kifundo. Tulipokuwa mlangoni pa hospitali tulisikia shangwe mitaani. Leopards walikuwa wameshinda kwa penalti, na kipa wetu Lionel Mpasi ndiye aliyepiga ile ya mwisho. Sisi hatukuwa na furaha.

Kesho yake fundi alikuja. Hakupanda juu ya paa. Aliuliza neno moja tu: «Waya za nyumba tatu zinagawanywa wapi?» Akaonyeshwa kisanduku barazani kwa mdogo wa mzee. Kisanduku kile kinapokea alama kutoka sahani na kuzigawa kwa dekoda tatu, nacho kinakula umeme. Lakini kilikuwa kimechomekwa katika tundu la ukutani, na tundu lile halikuunganishwa na betri. Umeme ulipokatika, kisanduku kilizimika, na alama zikakatika hapo. Antena haikuwa na kosa lolote, wala kijana.

Fundi alivuta waya kutoka kwenye betri mpaka kwenye kisanduku, kazi ya muda mfupi. Lakini picha haikuja, kwa kuwa sasa sahani ilikuwa imegeuzwa kweli. Kuirudisha mahali pake kulimchukua nusu ya mchana. Na si ajabu: setilaiti iko juu ya Ikweta, mbali nasi kilometa karibu 36,000. Ukiigeuza sahani kwa digrii moja tu, kule juu inatazama kando kwa zaidi ya kilometa 600.

Basi, wasomaji wapenzi, tujifunze. Chombo kikikataa kazi, msiulize kwanza: «Nani ameharibu?» Ulizeni: «Ni kitu gani kilichobadilika wakati ule ule?» Ikiwa picha zilikuwa nzuri hadi umeme ulipokatika, antena haikusogea. Kilichobadilika ni umeme. Tafuteni huko, kwa utaratibu huu.

Kwanza, ngojeni kidogo. Umeme unapohama kutoka waya za mji kwenda betri, dekoda mara nyingi inazimika kwa nukta moja na kuanza upya. Mwacheni atulie, kama mtu aliyeamshwa ghafula. Baada ya dakika chache, kama picha haijaja, izimeni, mngoje kidogo, mwiwashe tena. Tena tazameni mbingu: mvua kubwa inaweza kuzuia alama kwa muda, hata kama vyombo vyote ni vizima. Mvua ikipungua, picha inarudi yenyewe.

Pili, fuateni waya kwa macho, tangu sahani mpaka televisheni. Kila chombo kilichomo njiani na kinachokula umeme, je, kimepata umeme wa betri? Taa yake ndogo inawaka? Kisanduku cha kugawanya na kile cha kuongeza nguvu ya alama husahauliwa mara nyingi, kwa kuwa vimefichwa barazani au darini.

Tatu, pimeni betri. Yafaa kila nyumba yenye betri iwe na kipimo cha volti. Betri ya kawaida ya volti 12, ikiwa imejaa na imepumzika, inaonyesha volti 12.6 au zaidi kidogo. Ikionyesha 12.2, imebaki karibu nusu. Ikishuka chini ya 12 katika mapumziko, imechoka, tuiache. Betri iliyochoka inaleta udanganyifu mkubwa, nao ni huu: kile kichwa kidogo kilicho mbele ya sahani hakina umeme wake mwenyewe. Dekoda ndiyo inayokilisha kupitia waya ule ule wa antena. Kwa fungu moja la vituo inakipa volti 13, na kwa fungu la pili inakipa volti 18. Umeme wa nyumbani ukiwa dhaifu, huenda dekoda ikashindwa kutoa zile 18. Hapo vituo vingine vinaonekana na vingine vinapotea. Mkiona hivyo, msiwahi kusema kwamba sahani imepotoka. Angalieni umeme unaoingia katika dekoda, na vichwa vya waya wa antena. Uzi mwembamba wa shaba katikati usiguse nyuzi za nje. Zimeni dekoda kabla ya kuufungua waya huo.

Nne, fanyeni hesabu. Wanafunzi, hapa mtawasaidia wazazi wenu. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 inabeba wati-saa 1,200. Lakini betri ya risasi, tusiinyonye kupita nusu, isije ikafa mapema. Zinabaki 600. Kile chombo kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama umeme wa mji, mafundi wanakiita inverta, nacho kinakula sehemu yake. Tuseme zinatufikia 500. Televisheni inakula wati 50, dekoda 15, kisanduku cha kugawanya 10: jumla 75. Gawanyeni 500 kwa 75, mtapata zaidi kidogo ya saa sita. Hiyo ni hesabu ya betri mpya, iliyoshiba. Lakini dada akichomeka pasi ya wati 1,000, akiba yote ya jioni inakwisha kwa nusu saa, na inverta ndogo itakataa kabla ya hapo. Nyumba yenye betri lazima ipatane: betri ni ya taa, simu na televisheni, pasi ingoje umeme wa mji.

Tano, kama hayo yote ni mema na picha bado haiji, hapo ndipo tuwaze juu ya sahani. Lakini iwe mchana, paa likiwa kavu, na ngazi ishikwe na mtu mzima. Mwiteni fundi, msimtume mtoto. Na mkiona mawingu ya radi yanakuja, chomoeni waya wa antena na wa umeme mapema, kabla radi haijafika.

Kuna mengine mawili tusiyoweza kuyaacha, maana yanaua. Wenye jenereta, iwekeni nje, mbali na madirisha, hata mvua ikinyesha. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Watu wanalala wasiamke. Wala msichomeke jenereta katika tundu la ukutani ili kuwasha nyumba nzima. Umeme huo unaweza kurudi katika waya za barabarani na kumwua fundi aliyepanda nguzo akidhani waya zimelala. Betri nayo ikae penye hewa, mbali na moto, kwa sababu inapojazwa inaweza kutoa hewa inayolipuka.

Wahenga walisema: hasira, hasara. Mzee wetu alihesabu hasara yake: fundi, hospitali, na majuma sita mpwa wake hakuweza kuandika shuleni. Tulimsikia akimwambia mbele ya nduguze wote: «Mpwa wangu, usiku ule uliniambia neno la kweli, nami sikulisikia. Unisamehe.»

Kijana akainamisha kichwa: «Yamepita, mjomba.»

Sisi nasi tulimwomba radhi, kwa maana tuliona na tukanyamaza. Siku hizi, kando ya televisheni ile, kuna karatasi iliyobandikwa ukutani, imeandikwa kwa mkono wa kijana mwenyewe: «Ngoja. Fuata waya. Pima betri. Hesabu. Mwisho, paa.» Andikeni nanyi karatasi kama hiyo.

Kwaherini mpaka juma lijalo.