Piano inang'aa, ila kura yangu ni HAPANA

Ijumaa, saa tano usiku, bwenini.

Mimi leo sina usingizi. Kesho kwaya tunapiga kura kuhusu ile piano kubwa ya kulala, lile dude la miguu mitatu lenye mfuniko unaofunguka kama boneti ya gari. Miaka mitatu tumeuza maandazi, tumeosha magari, tumeimba kwenye harusi za watu. Hela ipo. Mwenye mali kasema tusipolipa Jumatatu anampa mtu mwingine. Karibu wote mnaitaka. Mimi ndo mpigaji wenu, kwa hiyo mnashangaa kusikia napinga. Naombeni mnisikilize.

Jana nilienda kuiona na mzee mmoja fundi wa piano. Jamani, inang'aa! Ukiinama unaona meno yako. Nikakaa, nikapiga kodi mbili tatu, nikaanza kutabasamu kama bwana harusi. Mzee akakohoa: "Mwanangu, hebu inuka kwanza."

Akapiga vibonyezo vyote 88, kimoja kimoja, kwa sauti ndogo halafu kubwa. Tisa vilichelewa kurudi juu. Hiyo inatengenezeka, akasema. Nyundo zimechimbika kwa kugonga nyuzi. Nazo zinachongwa au zinabadilishwa. Akalala chini na tochi kuangalia ubao wa sauti, ule mpana unaokuza mlio wa nyuzi. Ufa mmoja. Hata huo haukumtisha, maana ubao wenye ufa unaweza kulia vizuri tu.

Kisha akatoa ufunguo wake, akakaza uzi mmoja. Alipoachia, sauti ikashuka palepale. Akajaribu nyuzi kumi, saba hazikushika. Hapo ndo akatikisa kichwa. Piano kama ile ina nyuzi kama 230, na zote pamoja zinavuta kwa nguvu ya karibu tani 20. Fremu ya chuma inabeba mzigo, lakini kila uzi unategemea kigingi chake kilichobana kwenye mbao. Mbao ikilegea, utatyuni asubuhi, jioni inalia kama paka. Na kuibadilisha ile mbao ni kuifumua piano karibu nzima.

Mwenye mali akatoa turufu yake: vibonyezo ni pembe za ndovu halisi! Mimi hiyo hainipi raha. Karne ya 19 pembe za huku kwetu zilibebwa na wapagazi hadi Bagamoyo na Zanzibar, zikavuka bahari hadi Connecticut, Marekani, kuchongwa vibonyezo vya piano. Mwaka 1989 nchi za mkataba wa CITES zilikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe za tembo wa Afrika. Tuanze kutafuta karatasi za pembe, sisi wanakwaya? Tena pembe haiongezi sauti hata chembe.

Halafu urefu: sentimita 150. Kaka mwenyekiti anasema ya kulala ni ya kulala tu. Hapana kaka. Besi inataka uzi mrefu. Steinway modeli D, ile ya kumbi kubwa, ina sentimita 274. Piano ya kusimama yenye kimo cha 130 inaweza kuwa na nyuzi za besi ndefu kuliko hii yetu.

Najua mahafali yanakuja na wageni watapiga picha. Na aibu ya umeme kukatika katikati ya wimbo, kinanda kikazima, naijua kuliko nyie wote. Nilikuwa nimekikalia mimi!

Ila hoja yangu ni hii. Tutafute yenye mikwaruzo lakini vigingi vimebana, walau sentimita 170. Akague fundi wetu, siyo wa muuzaji. Tubakize hela ya kutyuni angalau mara mbili kwa mwaka, maana unyevu wa Dar unavimbisha mbao, kiyoyozi cha Jumapili kinaisinyaza. Tukikosa, tuchukue ya kusimama iliyo nzima.

Wahenga walishasema: uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Na Dar hii maji yapo mpaka hewani.

Naomba kutoa hoja. Tukutane kesho saa nne, na msininunie.