Mzigo Usiopanda Lori

Ndugu akihama, jamaa zake humwendea. Hii ni desturi ya zamani katika nchi ya Kisii, wala haikuletwa na motokaa. Hapo kale, kazi ilipomshinda mtu mmoja, kama kulima shamba kubwa au kujenga nyumba, aliwaalika majirani, nao wakakusanyika katika risaga. Kazi iliyotaka mwezi mzima ikamalizika kwa siku moja, kisha wote wakaketi wakala na kunywa. Siku hizi mwaliko hupelekwa kwa simu, na pombe ya wimbi mara nyingi imekuwa chai na mkate. Lakini wajibu ni ule ule. Asiyefika siku ya kuhama kwa nduguye hukumbukwa muda mrefu kuliko wote waliofika.

Tena Wakisii si wageni wa kuhama. Wazee husimulia kuwa wahenga wao walikaa katika uwanda wa Kano, kisha wakapanda hadi Kabianga, katika nchi ya Kericho ya leo. Huko mazao yalikataa kuota na ng'ombe wakafa, na kwa ajili hiyo mahali pale pakapewa jina lenye maana ya kukataa. Wakahama tena, hata wakatulia katika vilima hivi.

Kuhama kwingine kukubwa kulikuja katika miaka ya 1960. Mpango wa kugawa ekari milioni moja za mashamba ya Wazungu ulipoanza mwaka 1962, sehemu ya mashamba yale yaliyo upande wa Sotik ilipata wenyeji wapya kutoka Kisii. Mkulima alitoa malipo ya kwanza, na deni la ardhi akapewa miaka 30 ya kulilipa. Ndiyo nchi iitwayo Borabu, ambayo leo imo katika Kaunti ya Nyamira.

Haja ya kuhama haijakwisha. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa Kaunti ya Kisii ina watu 958 katika kila kilomita moja ya mraba, na Nyamira watu 675. Shamba ambalo babu alilima peke yake, leo wajukuu hugawana kwa hatua za miguu. Kwa hiyo kijana aliyeweka akiba, akisikia kuwa kuna ekari mbili zinazouzwa karibu na Kijauri, huuza fahali wake, hukopa katika chama cha akiba, hununua, na kuwaita jamaa wamsaidie kuhama.

Safari yenyewe ni fupi: kutoka Kisii mjini kupitia Keumbu na Keroka hadi Kijauri ni mwendo wa asubuhi moja. Lakini ufupi wa safari huwafanya watu wawe wazembe. Yafaa lori dogo, ambalo watu huliita kanta, lipakiwe alfajiri, maana katika vilima hivi mvua hupenda kunyesha alasiri, na njia ya udongo iendayo hadi mlangoni haina huruma na magurudumu. Magunia ya mahindi na wimbi yalale chini. Vitanda na mabati yafuate. Magodoro yawe juu, chini ya turubai lililofungwa kwa kamba pande zote. Asipande mtu juu ya shehena, hata kama ni kijana mwepesi, kwa kuwa kona za Keroka hazimjui mwepesi wala mzito.

Ng'ombe wasichanganywe na vyombo, tena wapatiwe kwanza kibali cha afisa wa mifugo. Machipukizi ya migomba yasichukuliwe kutoka shina lenye ugonjwa, kwa kuwa mnyauko husafiri pamoja na mche, na mtu huweza kuhamisha hasara akidhani amehamisha chakula. Watoto nao wasitolewe shuleni bila barua ya mwalimu mkuu.

Hayo yote hupandishwa lorini. Mzigo ulio mzito zaidi ni ule usiopanda, na huo watu wengi huuacha bila kuutazama.

Natuchukue mfano wa ndugu wawili, ambao jozi yao yapatikana katika kila kijiji. Lori limekwisha kupakiwa, na dereva apiga honi. Mdogo ana kichaka cha michai aliyopewa na baba yao, naye hawezi kwenda nayo Borabu. Amwambia mkubwa wake, "Kaka, chai yangu nakuachia, uitunze." Mkubwa ajibu, "Haya, ndugu yangu, usiwe na wasiwasi." Wapeana mikono, wote wana moyo safi, na lori laondoka.

Neno "uitunze" limeingia katika masikio mawili kwa maana mbili. Mkubwa apalilia, anunua mbolea, achuma na kupeleka majani kituoni mwaka mzima. Lakini majani yale yaandikwa kwa namba ya mkulima ambayo ni ya mdogo wake, na malipo ya mwisho wa mwaka, yale wakulima wayaitayo bonasi, yaingia katika hesabu ya mdogo huko benki. Mkubwa angoja agawiwe. Mdogo adhani kuwa malipo ya kila mwezi, ambayo alikuwa akiyatuma, yalitosha kwa uchumaji. Hakuna mwizi kati yao. Hata hivyo, kabla ya mwaka wa pili kwisha, mmoja hamwiti mwenziwe kaka tena, na yule aliyebeba kitanda begani siku ya kuhama hakubali kwenda kumtazama mwenziwe akiwa mgonjwa.

Kama ni hivyo kwa michai, ardhi yenyewe je? Tangu sheria ya mwaka 1967, shamba la kilimo haliuzwi wala haligawanywi bila idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi. Neno la mdomo, "kipande changu lima wewe", halimpi mlimaji milki, bali humpa matumaini. Na matumaini yakilimwa miaka kumi huota mizizi. Watoto wa aliyehama wakirudi kudai kipande cha baba yao, huwakuta watoto wa aliyebaki wamekwisha kujenga hapo.

Yako pia makaburi ya wazee na mama aliyebaki nyumbani. Nani atamnunulia mama dawa na kuni? Na aliyehama akifariki, kwao ni wapi? Kenya ilijifunza uzito wa swali hilo katika shauri la wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986. Mjane wake alitaka azikwe karibu na Ngong. Ukoo ukataka azikwe Nyalgunga, katika nchi ya Wajaluo. Shauri likapanda hadi Mahakama ya Rufani, na mazishi hayakufanyika hata Mei 1987.

Basi, jamaa anayetaka kusaidia kweli asije siku ya lori tu. Afike jioni ya siku iliyotangulia, awakalishe ndugu pamoja, na mama yao, na wake zao, na dada zao, kwa maana aliyeachwa nje ya mkutano hajafungwa na maneno yake. Yaandikwe katika karatasi moja: michai ni ya nani na bonasi igawanywe vipi; kipande kinalimwa kwa muda gani; mama atatunzwa na nani; kaburi litachimbwa wapi. Wote watie sahihi mbele ya mashahidi wawili, na kila upande ubaki na nakala. Karatasi hiyo haiwi hati ya ardhi, lakini huwakumbusha watu walichokubaliana walipokuwa bado wanapendana. Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.

Na huko Borabu, mizigo ikiisha kushushwa, msaidizi asikimbilie kurudi na lori. Ampeleke nduguye kwa majirani, wa lugha yake na wa lugha nyingine, amtaje jina na atoke. Mpaka ule wa Sotik uliona mapigano mwaka 1992 na tena mwanzoni mwa 2008, na mtu asiyejulikana na jirani yake hana wa kumwonya usiku. Akifanya hayo, atakuwa amemhamisha nduguye.