Ekari ya hatua yaweza kumtia hasara mnunuzi wa ng'ambo ya mpaka

Mfanyabiashara wa Kenya anayenunua mahindi yakiwa bado shambani nchini Tanzania hulipa kwa ekari, na mara nyingi ekari hiyo hupimwa kwa miguu: hatua 70 kwa hatua 70. Hasara inaweza kuanzia hapo, kabla lori halijafika mpakani.

Hatua za nani?

Ekari moja ni futi za mraba 43,560, yaani mita za mraba 4,047 hivi. Kipimo cha hatua 70 kwa 70 hukaribia hesabu hiyo iwapo kila hatua ina yadi moja, ambayo ni sentimeta 91. Mpimaji mwenye hatua za sentimeta 75 anatoa "ekari" ya mita za mraba 2,756, pungufu kwa karibu theluthi moja.

Kwa kipimo hicho, aliyelipia ekari 10 amepata 6.8 tu. Ikiwa shamba linatoa gunia 20 za kilo 100 kwa ekari, mnunuzi alitarajia tani 20 lakini atapakia tani 13.6. Msafirishaji naye anaguswa, kwani lori lilikodiwa kwa tani 20 na lazima apatikane wa kulipia nafasi tupu.

Wanaopima 70 kwa 70 kwa kamba ya mita hufanya kosa la upande wa pili. Hizo ni mita za mraba 4,900, sawa na ekari 1.21, na hapo anayeumia ni mkulima.

Ploti ya 50 kwa 100

Nchini Kenya, ploti ya futi 50 kwa 100 huuzwa kwa jina la thumuni ya ekari. Kwa hesabu, ploti hiyo ni futi za mraba 5,000, ilhali thumuni kamili ni 5,445. Msafirishaji anayenunua ploti nane ili apate yadi ya ekari moja atapungukiwa futi za mraba 3,560, eneo linalotosha matrela saba ya mita 17 kwa 2.5 yakipangwa bega kwa bega. Aidha, hati ya Kenya huandikwa kwa hekta, na hekta moja ni ekari 2.47.

Uganda hutumia desimali, ambapo desimali 100 ni ekari moja. Ploti ile ile ya 50 kwa 100 huko ni desimali 11.5. Neno mailo la Buganda nalo linatokana na maili: Mkataba wa mwaka 1900 uligawa ardhi kwa maili za mraba, kila moja ikiwa ekari 640. Huo ndio ukubwa wa seksheni katika mfumo wa upimaji wa Marekani ulioanza kwa sheria ya mwaka 1785, na robo seksheni ni ekari 160.

Kabla ya kulipa

Kwa shamba la mstatili, zidisha urefu kwa upana kwa mita, kisha gawanya kwa 4,047. Lenye kona zisizo sawa ligawanywe katika pembetatu; kila moja ni kitako mara kimo, gawanya kwa mbili, kisha zijumlishwe. Muhimu zaidi, mkataba utaje mita za mraba, kwani kipimo hicho hakibadiliki Namanga, Busia wala Mutukula.