Gari Lisilofunguka Bila Mtandao Lisiuzwe Kanda ya Ziwa



Mei 2023 Serikali ilitia saini mikataba ya kujenga minara ya simu 758 katika kata 713 za nchi hii. Ilikuwa inakiri jambo wanaloishi nalo wakazi wa Geita na Shinyanga: mtandao haujafika kila mahali, na pale ulipofika haushiki muda wote. Dereva anayetoka Kahama kwenda Geita kwa njia ya Kakola, au anayekata kona kuingia kwenye maduara ya wachimbaji ya Nyarugusu na Rwamgasa, haoni ajabu simu yake ikianza kutafuta mtandao na kuukosa.

Barabara hizo hizo ndizo zinazosubiri magari ya umeme yanayofunguliwa na kuwashwa kwa simu. Tangu daraja la J. P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita tatu kati ya Kigongo na Busisi, lizinduliwe Juni 2025, gari linalotoka Mwanza linaingia upande wa Geita bila kusubiri kivuko. Na Kahama, kwenye eneo la uliokuwa mgodi wa Buzwagi, ndiko kulikopangiwa kiwanda cha kusafisha nikeli ya Kabanga, madini yanayoingia kwenye betri za magari ya aina hiyo. Kanda hii inatarajiwa kuchangia malighafi ya betri, lakini hakuna aliyewauliza watu wake gari lifunguliweje likiwa limeegeshwa porini.

Malalamiko haya hayaligusi gari la umeme lenyewe. Halina oili ya injini ya kubadilisha wala plagi za kuchoma, na bei ya mafuta ikipanda mwenye gari hilo hatetereki sana. Tatizo ni mlango.

Kuna namna mbili za kufungua gari kwa simu, na wauzaji wengi huzichanganya. Ya kwanza, simu huongea na gari moja kwa moja kwa bluetooth, zikiwa karibu. Ya pili, simu hutuma ombi kwenye seva ya kampuni, na seva ndiyo inayoliamuru gari lifunguke. Namna ya pili haifanyi kazi bila intaneti kwenye simu na bila mtandao kwenye gari. Ya kwanza kimsingi haihitaji intaneti, ila ina magonjwa yake. Programu ikijisasisha usiku inaweza kumtoa mwenye gari kwenye akaunti na kudai nenosiri upya, na hapo intaneti inahitajika. Simu nyingi za bei nafuu zinazotumika huku zimewekewa mfumo wa kubana chaji, unaozima programu zisizo wazi kwenye kioo, ikiwemo ile ya gari. Mwenye gari anasimama mlangoni, simu iko mfukoni, gari halimtambui.

Liko na lingine ambalo mafundi wa umeme wa magari wanalifahamu vizuri kuliko wauzaji. Gari la umeme lina betri kubwa ya kuliendesha, lakini vitasa, taa na kompyuta zake kwa kawaida hutegemea betri ndogo ya volti 12, kama ya gari la petroli. Betri hiyo ikifa, gari lenye chaji ya kufika Tabora linabaki limefungwa, na simu yenye mtandao kamili haisaidii kitu. Kwenye gari la kawaida dereva huingiza ufunguo, hufungua boneti na kuibusti betri. Kwenye baadhi ya magari haya boneti nayo hufunguliwa kwa umeme, na sehemu ya kuunganisha waya za umeme wa nje ili ifunguke imefichwa nyuma ya kifuniko kidogo kwenye bampa, ikielezwa katika kitabu cha Kiingereza au Kichina. Fundi wa Katoro ambaye hajawahi kuonyeshwa atavunja kioo.

Haya yameshatokea kwa wenye miundombinu bora kuliko yetu. Novemba 19, 2021 seva za kampuni ya magari ya umeme ya Tesla zilipata hitilafu, na mamia ya wenye magari katika nchi mbalimbali wakaripoti kuwa programu yao ya simu haifanyi kazi, baadhi yao wakiwa wamesimama nje ya magari yao wenyewe. Mkuu wa kampuni hiyo, Elon Musk, aliomba radhi siku hiyo hiyo. Waliokuwa na kadi ya kufungulia mfukoni waliendelea na safari. Karibu miaka mitano kabla, Januari 2017, dereva mmoja aliliwasha gari la kampuni hiyo kwa simu akaenda matembezini kwenye korongo la Red Rock, karibu na Las Vegas. Alipolizima hakuweza kuliwasha tena, kwa sababu korongoni hapakuwa na mtandao na ufunguo ulibaki nyumbani. Mkewe alilazimika kukimbia kilomita kama tatu hadi alipopata mtandao wa kupiga simu. Hiyo ilikuwa Marekani, pembeni ya jiji kubwa.

Tanzania nayo imeshapata masomo yake. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikadorora nchini. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Seva za kampuni za magari kwa kawaida ziko Ulaya, China au Marekani. Ombi la kufungua mlango uliopo Kahama stendi linaweza kulazimika kupita chini ya bahari na kurudi. Katika siku kama zile, mchimbaji mwenye mgonjwa kwenye gari la aina hii angemwambia nini muuguzi anayemsubiri?

Mfano ulio karibu zaidi uko ukutani mwa kila nyumba yenye umeme. Mei 2021 mfumo wa kuuza LUKU, umeme wa kulipia kabla, ulipata hitilafu, wateja wakashindwa kununua umeme kwa siku kadhaa, mpaka Waziri wa Nishati na mbunge wa Chato wa wakati huo, Dkt. Medard Kalemani, akawasimamisha kazi maofisa wa TEHAMA wa TANESCO. Kisha likaja suala la Novemba 24, 2024. Tokeni za mfumo huo zilitambulishwa kwa hesabu ya dakika kuanzia mwanzo wa mwaka 1993, na nafasi ya kuhifadhi hesabu ilitosha dakika 16,777,215 tu. Nafasi hiyo ilikuwa inajaa siku hiyo. Mita ambayo isingesasishwa isingepokea tokeni tena, na ndiyo maana wateja walipewa namba za ziada za kuingiza kabla ya ile ya umeme. Programu ina umri wake, hata ikiwa ndani ya kifaa kisichoonekana kuchakaa.

Ila LUKU ina jambo moja la maana sana ambalo baadhi ya magari haya hayana. Mita haihitaji intaneti. Tarakimu 20 za tokeni zinaweza kununuliwa Geita mjini na mtoto aliyeko kazini, akazituma kwa ujumbe mfupi, au zikaandikwa kwenye karatasi na kupelekwa na bodaboda hadi Nyang'hwale, na mama akazibonyeza kwa kidole taa zikawaka. Waliobuni mfumo ule walijua mtandao utakatika. Kwa nini anayeuza gari la mamilioni ya shilingi asidaiwe angalau kiasi hicho?

Kuna pia swali la kampuni kufa. Julai 2023 kampuni ya Uholanzi ya VanMoof, iliyouza baiskeli za umeme zinazotegemea simu, ilitangazwa kufilisika. Wateja waliogopa kwamba seva zikizimwa na kufuli zao zitakwama. Mshindani wake, Cowboy, ndiye aliyetoa programu ya kuwasaidia kuhifadhi funguo zao za kidijitali. Na hapa kwetu Mobisol ya Ujerumani, iliyouza mitambo ya umeme wa jua kwa malipo ya awamu, ilifilisika mwaka 2019 kabla ya kununuliwa na Engie. Kampuni ndogo zinazoleta bodaboda na bajaji za umeme ni changa, na baadhi hazitafika miaka mitano. Vyombo zilivyouza vitakuwa bado vinadaiwa marejesho ya mkopo.

Kwa magari yaliyotumika, ambayo ndiyo wengi wetu hununua, hatari ni kubwa zaidi. Mwaka 2017 mtaalamu wa usalama wa kompyuta wa IBM alieleza hadharani kwamba gari alilouza miaka kadhaa nyuma bado lilikuwa kwenye programu yake, na angeweza kulifungua. Mmiliki mpya hakujua. Gari lililotengenezwa kwa soko la China nalo linaweza kuja na programu inayodai namba ya simu ya China ili kufungua akaunti. Mnunuzi wa Shinyanga anakabidhiwa gari na kadi yake, huku akaunti ikibaki mikononi mwa mtu asiyemfahamu.

Wauzaji wana hoja, na isibezwe. Kufuli la kidijitali linapunguza wizi, na linamwezesha anayekopesha bodaboda kumpa kijana asiye na dhamana benki, kwa sababu akikwepa marejesho chombo kinazimwa kutoka mbali. Vijana wengi wa Kahama wasingepata pikipiki kwa njia nyingine. Lakini kumzimia mtu asiyelipa ni jambo moja. Kumfungia nje aliyelipa kila senti kwa sababu mnara umezima ni jambo jingine kabisa.

Kwa hiyo zinaombwa hatua ambazo hazihitaji teknolojia mpya. Shirika la Viwango (TBS), katika viwango vya magari na pikipiki za umeme, idai kila chombo kije na kadi au ufunguo unaofungua na kuwasha bila simu na bila mtandao, na mkaguzi aujaribu kama anavyojaribu breki. Sehemu ya kubusti betri ndogo iwekewe alama na maelezo ya Kiswahili. Mkataba wa mkopo utaje wazi nani anaweza kuzima chombo, kwa sababu gani, baada ya taarifa ya muda gani, na kwamba hakitazimwa kikiwa barabarani. Mamlaka ya Mapato (TRA) inapobadilisha jina kwenye kadi ya gari, muuzaji athibitishe pia kuwa akaunti yake ya simu imefutwa.

TBS, Tume ya Ushindani na mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, wanaombwa kujibu kupitia ukurasa huu: je, kiwango kilichopo sasa kinamlazimisha muuzaji kutoa ufunguo usiotegemea simu, na kama hakimlazimishi, kitarekebishwa lini?

Msomaji wenu,
Kahama, Shinyanga