Ubongo Ukijeruhiwa, Kazi Ibadilike

Jeraha la ubongo halionekani kama mguu uliovunjika. Mwendesha bodaboda wa Ruponda aliyeumia kichwa hurudi nyumbani kidonda kimekauka, lakini husahau upesi, huchoka mapema na hukasirikia jambo dogo. Jamaa husema amekuwa mvivu, au amerogwa. Sivyo, ubongo wake ungali mgonjwa.

Kumrudisha barabarani, au kumbebesha mashine ya kupulizia salfa mikorosho, kabla daktari hajaruhusu, ni kuhatarisha maisha yake. Kifafa chaweza kuzuka hata miezi kadhaa baada ya ajali. Mpeni kazi ya utulivu yenye hatua chache: kuchambua korosho, kupepeta ufuta, kulisha kuku. Aanze kwa saa chache za asubuhi, apumzike, na aandikiwe kazi za siku.

Mwajiriwa aliyeumia kazini anayo haki yake. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliowekwa na Sheria ya mwaka 2008, hugharamia matibabu na huduma ya utengamao, yaani kumwandaa arejee kazini. Mwajiri na aarifiwe bila kuchelewa. Asiye na mwajiri hutegemea jamaa zake. Basi wasimwite mvivu.