Yoshida na sisi: nahodha akikosea afanyweje?

Tarehe 2 Septemba 2021 Oman iliifunga Japani 1-0 huko huko kwao Suita, goli la Issam Al-Sabhi dakika ya 88. Kwetu ilikuwa mchana, na wallahi chai ilipoa mezani kwa furaha. Nahodha wa Japani siku ile alikuwa beki wa kati, Maya Yoshida. Oktoba wakafungwa tena na Saudia, na huko kwao watu wakataka kocha Hajime Moriyasu aondoke.

Hakuondolewa. Novemba walikuja Maskati na kocha yule yule, nahodha yule yule, wakatufunga 1-0. Mwishowe wao wakaenda Kombe la Dunia, sisi tukabaki nyumbani.

Yoshida alizaliwa Nagasaki mwaka 1988. Akaacha kwao angali mtoto, akaingia chuo cha soka cha Nagoya Grampus. Mwaka 2010 akaenda VVV-Venlo ya Uholanzi, na 2012 Southampton ya Uingereza. Huko alikaa mpaka 2020, na kuna misimu aliyokaa benchi sana kuliko kucheza. Hakukimbia.

Kisha ikaja Qatar 2022. Wakaipiga Ujerumani 2-1. Mechi ya pili, na Costa Rica, Yoshida akauondoa mpira kwa ulegevu karibu na goli lake, Keysher Fuller akafunga, 1-0. Kosa la wazi, dunia nzima inatazama. Lingekuwa letu, kesho yake jina lake lingetafunwa kila baraza. Moriyasu akampanga tena na Hispania. Japani walikuwa na mpira kwa asilimia 18 tu, maana yake mabeki ndio waliobeba mzigo, na wakashinda 2-1.

Hatua ya 16 bora, na Croatia, ikafika penalti. Kocha aliwaachia wachezaji wajitokeze wenyewe. Wawili walikuwa wameshakosa, nahodha akaenda kupiga ya nne. Kipa akaidaka. Wakatoka.

Hata hapo Moriyasu aliongezewa mkataba. Yoshida naye akahamia LA Galaxy 2023, na Desemba 2024, ana miaka 36, akanyanyua kombe la ligi ya Marekani akiwa nahodha.

Mtu ataniambia Japani wana pesa na watu wengi. Kweli. Lakini kumvumilia mtu aliyekosea hakuhitaji pesa. Nilipokuwa nasomesha, mtoto akikosea ubaoni nilimrudisha kitini, nikamwita mwengine. Nilidhani naokoa wakati. Leo naona wale niliowarudisha hawakunyanyua mkono tena.

Basi kina baba mnaopeleka vijana viwanjani Ijumaa: kijana akipoteza mpira, msimpigie kelele mbele za wenziwe. Na kwa wakubwa wa soka letu, ombi ni hilo hilo. Kila tukifungwa tunabadilisha kocha, kisha yule mpya anaanza upya. Mpeni mtu muda wa kusahihisha kosa lake mwenyewe.